Mkanda Niliomchagulia Vero

Ema mwanangu,

Sasa hivi ni saa kumi jioni na wewe umekwenda Ganako kumuaga bibi yako. Najua hatakuachia mapema. Atakukamatia kuku, utamwambia basi la Dar halitaki kuku, mtabishana, na utashindwa. Kwa hiyo nina kama saa mbili hivi. Nimefunga studio, nimekaa kwenye kile kiti cha wateja chenye mguu mbovu, naandika kwa kalamu maana mambo haya kwenye simu ningeyafuta.

Habari za kula, kufua na kusali sikuandikii. Una miaka ishirini na tatu, na kama hayo hayajakuingia mpaka leo, barua haitakusaidia. Nakuandikia habari za mikanda ya kamera, kwa sababu uliniuliza. Jumatatu ulisimama pale mlangoni ukauliza kwa picha za harusi na za sura za watu uchukue mkanda gani wa rangi. Nikakujibu chukua wenye namba mia nne, unaoshika mwanga upesi, usiwe wa rangi kali, ukaandika kwenye simu yako ukaondoka. Jibu lenyewe lilikuwa sahihi. Ila nililitoa nikiwa nimeinama nafuta kaunta, kaunta ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi. Sikutaka kukutazama, kwa sababu ya kile kilichotokea Jumapili.

Jumapili, kwenye chakula chako cha kuagwa, ulileta zile picha ulizojaribia mkanda wako wa kwanza. Ukawa unagawa uani, kila mtu yake. Resti, binti wa mama yako mdogo Vero, akaiangalia ya kwake akasema mbona haonekani, amebaki meno tu. Na kweli, ulikuwa umemsimamisha mbele ya ukuta mweupe wa kanisa. Wewe ukacheka ukamwambia, "Kamera haiongezi wala haipunguzi, Resti. Imetoa ulivyo."

Watu wakacheka. Resti naye akacheka, akaikunja ile picha mara mbili akaitia kwenye mfuko wa sketi. Vero akaweka sahani chini akaingia jikoni, hakutoka mpaka wageni walipoanza kuondoka. Hukumwona. Mimi nilimwona, na nilikaa pale pale nikaendelea kula ndizi.

Lile neno si lako, Ema. Umelisikia hapa kaunta tangu ukiwa mdogo unakojoa kwenye ndoo ya maji ya kupigia deki. Mteja akilalamika amekuwa mweusi mno, nilikuwa namjibu hivyo hivyo, kamera haiongezi wala haipunguzi, akose la kusema, alipe aende zake. Lakini mtu wa kwanza kabisa kumwambia alikuwa Vero, mdogo wangu, na nilimwambia juu ya picha za harusi yake. Nikasema uongo, na nilikuja kujua kuwa ni uongo, na nikanyamaza miaka zaidi ya ishirini. Barua hii ni kwa ajili hiyo. Habari za mikanda zitaingia humo humo kwa sababu ndizo zilizoniponza.

Naanza na baba yako, ingawa yeye hana kosa. Wakati ule alikuwa ameanza kuendesha wageni, anapandisha Ngorongoro, anashusha kreta, anakwenda Serengeti anarudi. Wageni wa enzi zile walikuja na mikanda mifuko mizima, na siku ya kuondoka ile iliyobaki walimwachia dereva. Madereva wote walikuwa nayo. Walikuwa wakikaa pale kwenye vibanda vya chai wanaisifia kama watu wanavyosifia ng'ombe: huu unatoa majani kijani kweli, huu unatoa anga, huu ukimpiga Mmasai na shuka yake nyekundu unaona moto. Baba yako aliniletea huo wa moto. Mimi nikiwa ndiyo nimefungua studio, msichana mwenye kamera moja, niliuona kama dhahabu.

Na ulikuwa mzuri, nisiupakazie. Nilipiga nao soko la mnadani, mashuka yakawaka, vitenge vikawaka, hata udongo wetu ukawa mwekundu kuliko ulivyo. Watu walisimama nje ya dirisha la studio kuziangalia picha zile. Kichwa kikanivimba. Sikujiuliza hata siku moja kwamba ule mkanda ulitengenezwa kwa mtu anayepiga bonde na pundamilia halafu anarudi kwao. Dukani hapa Karatu kulikuwa na huo huo, kwa sababu maduka yalikuwa yanafuata wageni. Ule wa sura za watu, mpole, ilibidi uagize Arusha, na picha zake ukiziweka dirishani hakuna anayesimama.

Sasa Vero akapata mchumba, mtu wa Endamarariek, mkulima, mkimya. Harusi ikapangwa mchana, kanisani kwao. Nikasema mdogo wangu simpigii mkanda wa kawaida, nitampigia ule wa moto. Nilikuwa nimetunza mitatu kwa ajili yake. Nilimchagulia kwa mapenzi, naomba uniamini hapo.

Unajua mabibi harusi wetu walivyokuwa. Siku hizi wanaingia ukumbini wanacheza, zamani bibi harusi alikuwa anainamisha kichwa kutoka asubuhi mpaka jioni. Akicheka watu watasema huyu alikuwa amechoka kukaa kwao. Vero aliinama vilivyo, maana mama alikuwa anamtazama. Jua la saa saba liko juu ya utosi, shela linaleta kivuli juu ya macho, gauni jeupe pe, na yeye ni mweusi wa kwetu, mweusi wa kupendeza hasa, unamkumbuka marehemu babu yako kwenye ile picha ya kitambulisho. Mimi nikapima mwanga. Nikaupima wapi? Kwenye gauni. Nilielekeza kamera kwenye kile kitu kikubwa kilichokuwa mbele yangu, kamera ikaniambia kuna mwanga mwingi, punguza, nikapunguza. Na sikumwambia hata mara moja anyanyue uso. Niliogopa mama angesema nafundisha bibi harusi utovu wa adabu.

Picha zikasafishwa Arusha. Nilizipokea nikaziangalia haraka haraka, vitenge vya sare vinawaka, maua yanawaka, keki inawaka. Nikafurahi. Nikazipanga kwenye albamu nikaipeleka Endamarariek Jumapili moja, ndugu wa mume wote wakiwepo, wamekaa sebuleni wanasubiri soda na albamu.

Walikuwa wanafunua kurasa. Wifi yake Vero, mwanamke mmoja wa maneno, akainua albamu juu akauliza bibi harusi yuko wapi, yeye anaona gauni tu limesimama. Sebule nzima ikacheka. Nikasogea kuangalia. Ilikuwa kweli, Ema. Pale penye uso palikuwa na giza lenye wekundu kidogo kwenye mashavu, kama mtu aliyepakwa udongo. Kila ukurasa.

Nilikuwa na nafasi ya kusema nimekosea. Neno moja tu lile. Lakini kulikuwa na watu kumi na kitu mle ndani, na nusu yao walikuwa na watoto wa kuozesha, na mimi nilikuwa nataka hizo harusi. Kwa hiyo nikasema kwa sauti ya kitaalamu kabisa kwamba kamera haiongezi wala haipunguzi, inatoa mtu alivyo. Wakatikisa vichwa, wakaona mpiga picha kaongea. Vero akaipokea albamu kutoka kwa wifi yake, akaifunga, akainuka kwenda kuleta soda.

Hakugombana na mimi, na ningependa kama angegombana.

Mwezi haukuisha akaanza kupaka mkorogo. Wakati ule ulikuwa unauzwa kwenye makopo madogo hata sokoni, wanawake wanachanganya wenyewe. Akaanza kung'aa. Watu wakamsifia, kaolewa kapendeza, mume anamtunza. Mimi pia nilimsifia. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unauliza kwa nini mama mdogo anafunika mashavu kwa khanga hata ndani ya nyumba, nikakwambia ni jua la shamba. Si jua. Ni ule mkorogo uliomla ngozi, na mabaka yale hayatoki. Alishaacha zamani lakini uso ulikuwa umeshaharibika. Ndiyo maana kwenye picha zote za familia zilizopo ukutani kwetu Vero hayumo, au ni bega lake tu. Yeye huwa anasema acheni nishike mtoto, ninyi pigeni.

Sasa nije kwenye siku niliyojua. Ilikuwa miezi minne baada ya harusi yake. Mwalimu mmoja alinipeleka Nainokanoka, kule juu Ngorongoro, kupiga harusi ya Kimasai. Mkanda wangu wa moto ulikuwa umeisha, na dukani Karatu nako ulikuwa umeisha. Mwenye duka Arusha aliniletea ule mpole wa mia nne kwa sababu ndio alionao, na njia nzima nilimsema kwa yule mwalimu, eti amenipa mkanda uliopauka. Tulifika kuna ukungu na baridi, ng'ombe wanasikika kengele tu huwaoni. Hakukuwa na gauni jeupe, bibi harusi alikuwa na shanga na mashuka mazito, kwa hiyo kamera ilipopima ilipima mashuka na ngozi yake. Binti yule alikuwa na rangi ya Vero ile ile. Naye alikuwa ameinama.

Nilipokwenda Arusha kuzichukua picha hizo zilizosafishwa nilizifungua pale pale kwenye benchi la mle dukani. Uso wake ulikuwepo wote. Paji la uso, michirizi ya machozi, mwanga kidogo mfupani chini ya jicho. Shuka lilikuwa jekundu la kawaida, na hakuna aliyekuwa anaangalia shuka. Nikamwomba fundi wa kusafisha picha anitolee negativu za Vero, ile mikanda yenyewe iliyokwisha kusafishwa, alikuwa amezihifadhi, nikaziinua kwenye dirisha. Pale penye uso palikuwa patupu, hamna hata mstari. Fundi akanieleza kwa upole kwamba hapo hata akizisafisha upya mara kumi hatapata kitu, mwanga haukufika. Nilisema asante, nikapanda gari la Karatu.

Njiani nilijiambia nitamwambia Vero. Nilipofika nikajiambia ameshaanza kupendeza, kwa nini nimrudishe nyuma. Nikala jiwe. Kuanzia siku ile harusi zote nilipiga kwa mkanda mpole na mwanga nikaupima usoni, nikapata jina, watu wakaja kutoka Mbulu na mpaka Sale wakisema yule mama anajua kutoa sura. Na kaunta niliendelea kusema lile neno, kwa mazoea, mtu akiniudhi. Ndilo hilo ulilolirithi.

Basi jibu lako la mikanda ni hili, refu kidogo.

Usichague mkanda kwa picha iliyokupendeza dirishani. Uliza umetengenezwa kumtazama nani. Wakati wa kuujaribu chukua mtu mweusi vizuri, mvalishe shuka jeupe, msimamishe juani kisha kivulini, na umtazame uso tu. Kama uso umebaki na shuka nalo limebaki na mikunjo yake, mkanda huo unafaa harusi. Rangi za vitenge zitajitafutia njia.

Ukitia mkanda wa mia nne, kamera iweke kwenye namba mia mbili, ili uupe mwanga wa ziada. Mkanda wa picha za karatasi hauna ugomvi na mwanga uliozidi kidogo, ugomvi wake ni na mwanga pungufu, na ngozi zetu ndizo za kwanza kuumia. Pima usoni. Sogea mpaka bibi harusi akuone unapima, haidhuru.

Harusi moja mkanda wa aina moja. Mimi nimewahi kuchanganya, gauni moja likatoka magauni matatu, moja la maziwa, moja la njano, moja kama limefuliwa na bluu, mama mkwe akauliza bibi harusi alibadilisha mara ngapi. Na Dar kuna joto, weka mikanda kwenye friji, uitoe mapema kabla ya kuifungua isitoe jasho. Huyo dada mwenye studio unayekwenda kufanya kazi kwake Dar atakuambia mengine, yeye anaagiza nje na anapigia watu wenye nazo ambao sasa wanaona mkanda ni fasheni. Sisi tuliitupa tukashukuru Mungu, ninyi mnaitafuta. Sawa tu.

La mwisho kuhusu kazi. Mtu akikwambia sioni sura yangu, ana haki. Kabla hujafungua mdomo rudi uangalie ulikosea wapi, na karibu kila mara utakuta. Ulimpima Resti ukutani, Ema. Nimeiangalia negativu yako usiku wa Jumapili. Ni kosa langu lile lile, ila wewe ulikuwa na ukuta, mimi nilikuwa na gauni.

Jana, ulipokuwa unapanga nguo, nilikuaga nakwenda kununua vitunguu. Sikwenda. Nilipanda pikipiki nikaenda Endamarariek.

Nilimkuta Vero uani anachambua maharage. Nilikaa kwenye kigoda, nikakataa chai, maana nilijua nikinywa chai nitaanza kuzungumzia mvua. Nikamwambia kwamba zile picha za harusi yake nilikosea mimi, mkanda haukufaa na mwanga niliupima kwenye gauni, na uso wake haukuwa na tatizo lolote, na nilijua, nikanyamaza. Nilisema yote kwa pumzi moja. Yeye aliendelea kuchambua. Anatupa changarawe upande huu, maharage upande ule.

Kisha akauliza, "Ulijua lini?"

Nikasema miezi minne baada ya harusi.

Akahesabu. Nilimwona anahesabu kwa vidole juu ya ungo. Akasema, "Miezi minne nilikuwa kopo la pili. Ngozi ilikuwa bado nzima. Ningeacha."

Ema, nimezika baba na nimezika mtoto kabla yako, na sijawahi kusikia kitu kilichoniumiza kama kile. Sikulia. Nilitamani kulia lakini niliona ingekuwa kumwomba anibembeleze.

Akaingia ndani. Nilidhani ndiyo amenifungia. Akarudi na kopo dogo, akaniwekea mkononi. Nilidhani ni la zamani, la kwake, ametunza ili siku moja anionyeshe. Lilikuwa jipya, lebo inang'aa. Nikalifungua. Krimu ilikuwa bado imejaa, isipokuwa katikati kulikuwa na alama ya kidole kimoja.

"Nimelikuta Jumatatu kwenye begi la shule la Resti," akasema. "Mimi umenichelewea, dada. Huyu bado. Na akili ya kusema naye mimi sina, kila nikifungua mdomo ananitazama mashavu."

Nikamuuliza kama Resti anajua limechukuliwa. Akasema anajua, na hajazungumza na mtu ndani ya nyumba tangu siku hiyo, anakwenda shule anarudi anaingia chumbani. Ana miaka kumi na sita.

Nimerudi na sikukwambia kitu jana. Ulikuwa unaimba huku unakunja mashati, nikaona nikikusemesha ana kwa ana nitasema nusu na nusu nitaipamba, ndivyo nilivyo. Ndiyo maana nimeandika.

Tiketi yako ya kesho nimekwenda stendi leo asubuhi nikaibadilisha, utaondoka keshokutwa. Dada wa Dar nimempigia, nimemwambia una jambo la familia, amesema haina shida. Ukasirike kama unataka, lakini ukasirike ukiwa hapa Karatu.

Kesho ni Jumamosi, Resti hana shule. Tutakwenda mimi na wewe. Nitaanza mimi, nitamweleza habari ya mama yake na gauni na mkanda, mbele ya Vero, bila kuruka kitu. Halafu utafuata wewe. Usimwambie yeye ni mzuri, atajua unamhurumia na hataamini neno lingine. Usimwambie ulikuwa unatania. Mwambie ulipima mwanga ukutani badala ya usoni kwake, na kwamba ulikuwa hujui kazi, na ulipoona umeshindwa ukamtupia yeye. Useme hivyo hivyo, umtazame. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikutukana, pokea. Usiondoke mpaka aseme kitu, hata kama ni kukufukuza.

Kamera iache nyumbani. Hatumpelekei picha.

Mama yako